Yule Pale Nyuma Yako

Kabati lilikuwa wazi. Ndani yake palikuwa na chaja, vishikio viwili vya mkononi, na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri kama leso ya bibi harusi. Miwani haikuwapo.

Chumba cha pili mtu alikuwa akiugulia. Sauti ilipanda, ikakatika, ikaanza tena kutoka chini.

"Ndiye mwenyewe huyo," alisema Daktari. "Ni mwokaji mikate. Tanuri la gesi lilimlipukia. Asubuhi hii tumejaribu kumfungua bandeji bila miwani. Tumefika kwenye kiwiko, amekataa."

"Dawa ya usingizi?" aliuliza Inspekta.

"Mapafu yake yamekula moshi. Nikimlaza kwa dawa kila siku, iko siku hataamka. Miwani ndiyo iliyokuwa dawa yake."

"Na asipofunguliwa?"

Daktari alivua glavu, akaitazama kana kwamba jibu limeandikwa humo. "Kidonda kimeanza kunuka. Nikikisafisha leo, mkono unabaki. Kesho sijui. Baada ya hapo nitakuwa natafuta msumeno."

"Hakuna miwani nyingine?"

"Hospitali nzima tunayo hiyo moja. Nyingine inaagizwa ng'ambo."

Inspekta alikuwa mtu wa maneno machache, na Koplo wake, mwanamke kijana, alikuwa akiyasema yaliyobaki. Sasa Koplo alikuwa amechutama mbele ya kabati, anapuliza unga wa alama za vidole kwenye kitasa.

"Alama zipo mpaka za kugawa, Afande," alisema. "Wodi nzima imeshika hapa. Kufuli halijavunjwa. Halafu tazama, mwizi gani huyu? Chaja kaiacha, vishikio kaviacha. Ni kama kuiba baiskeli ukaacha magurudumu."

"Hakutaka kuiuza," alisema Inspekta. "Alitaka isivaliwe."

Muuguzi kijana aliyekuwa na dhamana ya miwani alisimama ukutani, macho mekundu. Wagonjwa walimwita Dada Miwani.

"Nieleze inavyofanya kazi," Inspekta alimwambia. "Kama unamweleza bibi yako."

"Bibi yangu aliivaa akataka kuhamia humo." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Mgonjwa akiivaa, haoni tena chumba hiki. Anaona mahali pengine, pande zote. Akitazama juu anaona mbingu, akigeuka anaona kilicho mgongoni. Inaitwa uhalisia pepe. Akili ya mtu ina mlango mmoja, Afande. Ikishakaribisha mgeni, maumivu yanabaki nje yanabisha hodi. Wengine nawawekea theluji, wengine msitu. Mwokaji hakutulia na theluji wala msitu. Binti yake ndiye aliyeleta picha ya nyumbani kwao."

"Picha gani?"

"Binti hupiga picha za nyumba zinazouzwa, zile za kuzunguka pande zote. Alipokuwa anajifunza kamera, aliisimamisha uani kwao. Mama yake alikuwa hai. Basi mama anashona, anaongea na baba. Hakuna zaidi. Siku nilipomwekea, nilifungua bandeji mpaka mwisho hajanung'unika. Alikuwa anatabasamu."

"Na wewe uliyaona hayo yote?"

"Kompyuta ile inanionyesha anachokitazama yeye tu. Sauti siipati, iko masikioni mwake. Na shingo yake imeungua, haigeuki. Kwa hiyo mimi namwona marehemu na cherehani yake, mwanzo mwisho."

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Msumarini, nyuma ya mlango."

"Nani anajua hilo?"

"Labda ninyi wawili ndio mlikuwa hamjui."

Inspekta alikiinua kile kitambaa kwa kibano. "Na hiki?"

"Kinakaa kati ya uso na miwani, kwa ajili ya usafi. Kila mgonjwa ana chake. Hicho ni cha Mwokaji. Mke wake ndiye aliyetushonea vyote."

"Mke si marehemu?"

"Huyu wa sasa, Afande. Naye ni fundi cherehani."

Miwani ilikuwa imeonekana mara ya mwisho jana, kabla ya saa za kutazama wagonjwa. Koplo tayari alikuwa na mshukiwa wake. Mpishi, mfagiaji na mlinzi wote walikuwa wamemnong'oneza jina moja: Sista Mkuu. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye saa iliyobandikwa kifuani, na aliingia chumbani kabla hajaitwa.

"Nasikia mnanitafuta."

"Wanasema unaichukia miwani," alisema Inspekta.

"Siichukii. Naionea wivu. Andika hivyo hivyo, usinipambie."

Koplo aliandika.

"Miaka yote nimewashika hawa watu mikono," alisema Sista Mkuu. "Nimewaimbia. Wameniuma vidole. Mgonjwa akitoka alikuwa ananikumbatia. Sasa anatoka anaulizia ile miwani imetengenezwa wapi. Mimi nimekuwa mshika beseni."

"Kwa hiyo uliichukua."

"Ningeichukua, baba, ningekwenda nayo kwangu nikaivaa mwenyewe. Haya magoti nayo yanataka theluji. Jana saa za wageni nilikuwa chumba cha upasuaji. Muulize Daktari nilikuwa nimeshika nini."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Koplo akafuta, kwa huzuni kidogo.

"Kabla ya miwani," Inspekta aliuliza, "Mwokaji alikuwa akitulizwa na nani?"

Sista Mkuu alielekeza kidevu koridoni. "Mkewe. Kila asubuhi alikuwa anampa mkono. Alikuwa akitoka na alama za kucha mpaka huku. Siku miwani ilipoanza, Mwokaji aliuachia. Hakuusukuma, la. Aliuachia tu, kama mtu anavyoachia mlango unaojifunga wenyewe."

Mke wa Mwokaji alikuwa kwenye benchi la korido, kikapu miguuni, anapindia foronya kwa mkono. Mwanamke mwembamba, bado kijana. Aliposikia mlio wa mumewe sindano ilisimama hewani, kisha ikaendelea.

"Shemeji, pole kwa kuuguza," alisema Inspekta, akakaa upande wa pili wa kikapu.

"Ahsante. Ndiyo kazi yetu."

"Jana saa za wageni ulikuwapo?"

"Sijawahi kukosa."

"Uliingia chumba cha bandeji?"

"Naingia kila siku. Naleta vitambaa nilivyofua."

"Uliwahi kuivaa ile miwani?"

"Mimi?" Alikata uzi kwa meno. "Siiwezi. Hata pembea inanipa kizunguzungu."

"Lakini unajua alichokuwa akikiona."

"Nani asiyejua? Mume wangu ana miadi na marehemu kila asubuhi. Wauguzi wanampangia. Mimi nabaki hapa na foronya."

"Inauma."

"Iniume nini, Afande? Mimi si ndiye yule pale anayejua kufua. Mfuaji haumwi." Alicheka, na kicheko kilikuwa kifupi kuliko uzi alioukata.

Inspekta alimtazama. Alilijua kabila hilo la kicheko. Yeye mwenyewe alikuwa ameoa mjane, na sebuleni kwake palikuwa na picha ya mume wa kwanza, kijana wa tai, anayetabasamu juu ya runinga. Inspekta alikuwa amejifunza kutazama taarifa ya habari bila kuinua macho. Marehemu hazeeki, hakoromi, wala hasahau kununua sukari. Utashindana naye vipi?

Hata hivyo wivu si ushahidi. Wangekuwa wanakamata wenye wivu, gereza lingekosa walinzi.

"Twende kwa binti," alimwambia Koplo.

Ofisi ya binti wa Mwokaji ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo, ukuta umejaa picha za majiko na vyoo vya nyumba za watu. Alikuwa na kamera mezani, mpira mdogo wenye jicho mbele na jicho nyuma.

"Miwani sina," alisema kabla hajaulizwa. "Ila picha yenyewe ninayo kwenye kompyuta. Nataka baba apone kuliko mtu yeyote."

"Kuliko mama yako mdogo?"

"Mama mdogo anampenda. Wakati mwingine mpaka inachosha." Aliona aibu. "Alikuwa msaidizi wa mama kwenye ushonaji. Mama alipougua, ndiye aliyekuwa akifua na kupika. Mama alipofariki, baba akamwoa. Watu walisema kavaa viatu vya bosi wake. Mimi sikusema."

"Tuonyeshe."

Uani palitokea kwenye kioo cha kompyuta. Jua, ukuta wenye ufa, cherehani nyeusi. Mwanamke mwenye kilemba alikuwa anasukuma kitambaa chini ya sindano na kuongea bila kuinua uso. Alikuwa amekonda kwa namna ambayo mtu hajikondeshi mwenyewe. Kando ya kamera alionekana Mwokaji, mzima, kikombe mkononi, shingo laini.

Waliongea habari za kuku wa jirani. Waliongea habari za mlango unaolia. Binti alitazama dirishani.

"Zungusha," alisema Inspekta. "Nataka kuona nyuma."

Binti aliburuta kipanya. Uani pakageuka. Nyuma ya kamera, mbali kidogo, palikuwa na kamba ya nguo na bomba linalotiririka kwenye ndoo. Msichana mwembamba alikuwa anaanika shuka, mgongo amewapa.

Sauti ya marehemu ilishuka. Binti aliongeza sauti ya kompyuta.

"Mimi sifiki mbali, unajua," alisema marehemu. "Nikiondoka, usihangaike kutafuta. Yule pale anajua kufua."

"Yupi?" aliuliza Mwokaji.

"Yule pale nyuma yako."

Mwokaji alicheka. "Shona nguo, wewe," alisema, akanywa chai yake. Hakugeuka.

Koplo aliacha kuandika. "Afande. Hilo neno."

"Rudisha," alisema Inspekta. Binti akarudisha. Wakalisikia tena.

"Nani mwingine amewahi kusikia hapa?"

"Mimi. Na baba, masikioni mwake."

"Mama yako mdogo?"

"Sikumwonyesha. Ningeanzia wapi? Nilimwambia ni picha ya mama anashona tu."

"Siku ile yenyewe angeweza kusikia?"

"Bomba lile likifunguliwa husikii hata ukiitwa. Na mama ameshusha sauti, wewe mwenyewe umeona."

"Baba yako hawezi kuwa amemsimulia?"

"Baba hajawahi kunisimulia hata mimi nilizaliwa saa ngapi." Kisha binti akashika mdomo. Alikuwa ameelewa. "Ameivaa," alisema taratibu. "Mungu wangu, na mimi ndiye niliyeipeleka."

Walimkuta mke wa Mwokaji nyumbani, amekuja kuchukua uji wa mgonjwa. Aliwaona mlangoni, akafunika sufuria, akazima jiko, akajifuta mikono. Alifanya kila kitu kwa mpango, kama mgeni anayeaga.

"Shemeji," alisema Inspekta, "uliniambia wewe ni yule pale anayejua kufua. Nani alikwambia maneno hayo?"

"Ni msemo tu."

"Msemo wa nani?"

Alikiweka sawa kifuniko cha sufuria.

"Nimetoka kuusikia. Umo ndani ya miwani, na hauko popote pengine. Anayeujua ameivaa. Na wewe uliniambia hujaivaa."

Alikaa kwenye kiti cha mshonaji. Mbele yake palikuwa na cherehani ile ile nyeusi, imefunikwa kwa kifuniko cha kitambaa cha maua. Alikivuta kifuniko. Miwani ilikuwa imekaa juu ya bamba la cherehani, taa yake ndogo imezimika.

Koplo alimsomea haki zake. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Nilitaka kuona tu," alisema. "Dada Miwani alikuwa amekwenda kula. Nikasema, ngoja nami nione huyo anayemfanya mume wangu acheke huku nyama yake inachunwa. Nikaivaa. Nikamwona dada. Nilikuwa namwita dada, ndiye aliyenishika vidole akanifundisha kukata kitambaa. Nililia, Afande. Si kwa wivu, kwa kumkumbuka. Halafu nikasikia akishusha sauti."

"Endelea."

"Akasema yule pale anajua kufua. Mume wangu akasema, yupi? Dada akasema, nyuma yako. Basi nikageuka. Humo unaweza kugeuka. Nikajiona. Kasichana kamekonda, nywele hazijasukwa, kanahangaika na shuka. Kanaimba, hakajui kama kanapangwa." Alipitisha kiganja juu ya cherehani. "Siku aliponiposa aliniambia, nimekuwa nikikutazama muda mrefu. Neno hilo ndilo nililoolewa nalo. Kila nikichoka nalitoa nalitazama. Kumbe hata kunijua alikuwa hanijui. Niliachiwa kama hii cherehani."

"Watu husema mengi wakiposa," alisema Koplo polepole.

"Wewe umeolewa?"

"Bado."

"Basi subiri."

Inspekta alivuta kigoda. "Lakini mumeo hakuwa akitazama ili wewe uumie. Alikuwa anatuliza maumivu."

"Kila asubuhi alikuwa anakwenda kukaa naye, na mimi niko humo humo, nyuma yake, naanika mashuka yao. Hajageuka hata mara moja."

"Shingo yake imeungua."

"Najua. Mimi ndiye ninayeipaka mafuta." Aliinua macho. "Siku ile ilikuwa haijaungua."

Inspekta aliuliza swali la kipolisi, kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta. "Uliitoaje?"

"Kikapuni, chini ya chupa ya chai."

"Kitambaa ukakiacha."

"Kile nilikishona mimi. Hakikuwa na sababu ya kwenda na dada."

"Ukaja kuificha. Kwa nini hukuivunja?"

"Nilitaka kuizamisha kwenye pipa la maji. Niliishika juu ya maji mpaka mkono ukaniuma. Dada yumo humo. Siku sindano iliponipita kidole, aliufunga huu mkono kwa kipande cha gauni lake. Nimzamishe?"

"Na mkono wa mumeo? Ulijua utakatwa?"

Hapo ndipo sauti yake ilipopasuka. "Sikujua. Nilidhani mambo yatarudi yalivyokuwa. Atalia, nitampa mkono, bandeji itafunguka. Nilikuwa naweza, Afande. Muulize Sista Mkuu kama nilikuwa siwezi. Leo asubuhi nimesimama mlangoni nasubiri waniite. Nimemsikia analia, na hakuna aliyekumbuka kuniita. Nikataka kusema. Kisha nikawaza, wakijua ni mimi, hata pale mlangoni sitasimama tena."

Alinyoosha mikono kwa Koplo. Vifundoni mwake bado palikuwa na makovu madogo ya kucha, yamepona, yamekuwa meupe.

Hospitalini Dada Miwani aliipokea miwani kwa mikono miwili. Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena.

"Imekauka chaji," alisema. "Ilibaki inawaka. Nikiichomeka sasa haitaamka upesi, na ikiamka lazima kwanza ijipange upya."

Daktari alikuwa ametoka kumpima Mwokaji joto. "Mimi siwezi kusubiri miwani ioge na kuchana nywele. Homa imepanda. Tunafungua sasa hivi."

"Atakataa," alisema Dada Miwani.

Sista Mkuu alikuwa ameegemea fremu ya mlango. Alimtazama mke wa Mwokaji, aliyesimama kando ya Koplo na pingu zake, kisha akamgeukia Inspekta.

"Mpe mkewe."

"Ni mtuhumiwa," alisema Inspekta. "Ndiye aliyesababisha haya yote."

"Basi nani mwingine anayedaiwa kuyamaliza? Mpe mkewe, baba. Kesi yako haitaota miguu."

Inspekta alizitazama pingu. Aliufikiria mwenendo wa upelelezi, na kielelezo kinachochajiwa ukutani, na atakachosema mkuu wa kituo. Kisha akamwashiria Koplo. Pingu zilifunguka kwa mlio mdogo.

"Ukishamaliza humu utakuja nami kituoni," alimwambia mwanamke. "Faili limefunguliwa, halifungwi na machozi."

"Nimeelewa."

Mwokaji alikuwa amelala chali, macho ameyafumba, midomo imekauka. Sista Mkuu aliinama sikioni kwake. "Miwani imepatikana, lakini inachaji. Tunaanza bila hiyo. Utavumilia?"

Hakujibu. Daktari aliloanisha bandeji kwa maji ya chumvi. Ukingo wa kwanza uliponyanyuka, mwili mzima wa Mwokaji ulikakamaa, na mkono wake usioungua ukaanza kutapatapa juu ya shuka, unatafuta kitu.

Mkewe aliupokea.

Vidole vilifunga. Kucha zilizama palepale zilipokuwa zimezoea. Mwanamke aliuma mdomo, akasogea karibu, akaweka goti chini. Bandeji ilipanda taratibu, ikapita kiganja, ikafika kwenye kiwiko. Ikapita kiwiko. Daktari hakuinua kichwa.

"Afande, gari limefika," Koplo alinong'ona mlangoni.

"Lisubiri."

Kitandani Mwokaji alipumua kwa nguvu, kama mtu anayeibuka kutoka majini. Alikuwa bado amefumba macho.

"Ni wewe?" aliuliza.

Mkono wa Sista Mkuu ulisimama juu ya beseni.

"Ni mimi," alisema mkewe.

"Usitoke."

"Sitoki. Nipo."

Mume hakutaja jina, na mke hakuuliza.